Kupanda na Kulea Miti Mjini: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Kujitolea

Ukitaka kujua kama kikundi cha kupanda miti kinafanya kazi, usiende siku ya kupanda. Siku hiyo kila kikundi hupendeza. Nenda mwaka wa pili, katikati ya kiangazi, saa nane mchana. Ukikuta udongo umelowa kuzunguka shina na majani yamesimama, hapo pana kikundi. Ukikuta kijiti kikavu kimefungwa kwenye kigingi kwa kamba iliyooza, basi watu walikuja, wakapanda, wakaenda zao.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii tulipanda miti mingi kuliko tulivyoweza kuitunza, na mingi ilikufa. Iliniuma, kwa sababu kila mmoja ulikuwa umelelewa kitaluni kwa miezi kabla haujafika mikononi mwetu. Tangu hapo nimeipanga kazi yote kwa kuanzia na swali moja: nani atautunza mti huu kwa miaka mitatu? Miaka mitatu ndiyo muda ambao mti wa mjini, kwa kawaida, unamhitaji mtu. Baada ya hapo mizizi huwa imekwenda mbali kiasi cha kujitafutia maji, ingawa mti mkubwa uliohamishwa huweza kuhitaji muda mrefu zaidi.

Anzeni na hesabu ya maji

Vikundi vingi huanza na idadi ya miche. Nyinyi anzeni na maji. Mche wa kimo cha mita moja hadi mbili huhitaji kama lita 20 kila unapomwagiliwa, mara mbili kwa wiki katika kiangazi cha mwaka wa kwanza. Udongo wa kichanga au jua linalorudishwa na kuta na lami huweza kuongeza mahitaji hayo.

Sasa pigeni hesabu. Miti 50 kwa lita 20 ni lita 1,000 kwa mzunguko mmoja, lita 2,000 kwa wiki. Hayo ni madumu 100, kila dumu likiwa na uzito wa kilo 20. Bomba liko wapi? Kuna mita ngapi kutoka hapo hadi mti wa mwisho? Lipo toroli, na gurudumu lake lina upepo? Mwenye ufunguo wa bomba akisafiri, nani anao mwingine? Kwa uzoefu wangu mtu mmoja mwenye toroli, maji yakiwa karibu, huhudumia miti 6 kwa jioni moja na bado akawa na hamu ya kurudi wiki ijayo. Ukimpa 15 atakuja mara tatu, kisha simu yake itaanza kutopokelewa.

Kwa hiyo idadi ya miti yenu inatokana na idadi ya watu wanaokuja kweli siku ambayo hakuna tukio lolote. Majina yaliyoandikwa kwenye karatasi si kipimo. Kama ni watu 5, pandeni miti 30 na mkatae ofa ya miche 300 ya bure. Kukataa ni kugumu, najua, hasa pale anayetoa ana nia njema. Mwambieni mtaichukua kidogo kidogo, kila msimu wa mvua fungu lake.

Ruhusa, na kilichomo ardhini

Ardhi yoyote mjini ina mwenyewe: serikali ya mji, shule, nyumba ya ibada, kampuni, mtu binafsi. Pateni ruhusa kwa maandishi, yenye kutaja mahali, idadi, na nani mwenye jukumu la kutunza. Ulizeni swali ambalo wengi husahau: kuna mpango gani wa eneo hili kwa miaka 10 ijayo? Nimewahi kuona safu nzima ya miti ya miaka minne, iliyoanza kutoa kivuli, ikang'olewa asubuhi moja kwa sababu barabara ilikuwa inapanuliwa na ramani ilikuwepo ofisini tangu mwanzo. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Kabla ya kuchimba, ulizeni wahusika wa umeme, maji safi, maji taka, gesi na mawasiliano mabomba na nyaya zao zinapita wapi. Kuchimba juu ya waya wa umeme kunaua. Juu pia tazameni: mti utakaofika mita 15 ukipandwa chini ya nyaya utakatwa kichwa kila mwaka hadi uoze. Chini ya nyaya pandeni aina fupi, zisizozidi mita 5 au 6 zikikomaa. Acheni nafasi kwenye kona za barabara ili madereva waonane, na msizibe taa, alama za barabarani wala mlango wa duka la mtu.

Udongo wa mjini si udongo wa shambani

Hapa ndipo miti mingi ya mjini hufia, nasi hulaumu jua. Udongo wa kando ya barabara umeshindiliwa na mitambo, magari na miguu ya watu kwa miaka. Chini ya nyasi kuna kifusi, vipande vya zege, chokaa, mifuko. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na udongo ulioshindiliwa hauna nafasi ya vyote viwili.

Fanyeni majaribio mawili, hayahitaji vifaa vya maabara. La kwanza: chukueni nondo nyembamba, isukumeni ardhini kwa mikono siku chache baada ya mvua, mahali mlipohakikisha hapana nyaya wala mabomba. Ikiingia sentimita 30 bila kulazimishwa, pazuri. Ikigoma kwenye sentimita 5, hapo panahitaji kulegezwa eneo pana, kama mita mbili kila upande inapowezekana, maana shimo la kutosha mche peke yake litakuwa sawa na kuupanda ndani ya chungu.

La pili: chimbeni shimo la kina cha sentimita 30, lijazeni maji, yaache yanywee, kisha jazeni tena. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya saa chache, sawa. Yakibaki hadi kesho yake, mizizi itakosa hewa hapo. Tafuteni mahali pengine, inueni tuta pana, au chagueni aina inayovumilia maji kusimama.

Na mkumbuke mizizi inakokwenda. Watu wengi huchora mti wenye mizizi inayoshuka chini kama kioo cha matawi yake. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mizizi inayonyonya maji na chakula iko katika sentimita 60 za juu, na mizizi hutambaa mbali kupita ukingo wa kivuli cha mti. Ndiyo maana kipande cha ardhi cha mita moja kwa moja katikati ya zege humpa mti maisha mafupi, hata mkiumwagilia kwa bidii. Mkipewa uchaguzi kati ya mashimo kumi ya namna hiyo na ukanda mmoja mrefu wa ardhi wazi wa kutosha miti minne, chukueni ukanda.

Aina za kupanda

Tembeeni mtaani kabla ya kwenda kitaluni. Tafuteni miti ya miaka 20 au 30 inayostawi bila kumwagiliwa na mtu, kwenye mazingira kama yenu. Hiyo imeshafanya majaribio kwa niaba yenu. Kisha jiulizeni juu ya kila aina: ikikomaa itakuwa na kimo na upana gani? Matawi yake hukatika ovyo upepo ukivuma? Ina miiba, sumu, au matunda yanayoteleza njiani? Inajieneza yenyewe hadi kuvamia mito na mapori? Aina za asili ya eneo zina faida ya kulisha ndege na wadudu wa pale, lakini si kila mti wa asili huvumilia lami na moshi, kwa hiyo msichague kwa jina la asili peke yake.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote katika sehemu hii: changanyeni aina. Miji mingi ya Marekani ilipanda barabara nzima nzima kwa miti ya jenasi (kundi la spishi zenye undugu) ya Ulmus, kwa kuwa ilikuwa mizuri na iliungana juu kama paa. Ugonjwa wa kuvu unaobebwa na mbawakawa ukaifagia katika karne ya 20. Sehemu nyingi zikapanda jenasi ya Fraxinus badala yake, tena kwa wingi, na mwaka 2002 akagunduliwa jimboni Michigan mbawakawa wa kijani mwenye asili ya Asia, ambaye mabuu yake hula sehemu ya ndani ya gome la miti hiyo. Imeuawa kwa makumi ya mamilioni. Mwaka 1990, kabla ya pigo hilo la pili kugunduliwa, mtaalamu Frank Santamour alikuwa amependekeza kanuni rahisi kwa miji: spishi (aina) moja isizidi asilimia 10 ya miti yote, jenasi moja isizidi 20, na familia moja, yaani kundi la jenasi zenye undugu, isizidi 30. Kikundi chenye miti 30 hakihitaji kukokotoa asilimia kwa usahihi huo. Ila kama mna miti 30 ya aina moja, mmejiwekea mtego.

Kukagua miche kitaluni

Mche mrefu humvutia mnunuzi. Msiununue kwa urefu. Mti uliokwisha kukua hupoteza sehemu kubwa ya mizizi ukihamishwa kutoka ardhini, na katika nchi za baridi hukadiriwa kwamba huhitaji kama mwaka mmoja wa kujirudishia nguvu kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina. Mche mdogo wenye mizizi mizuri mara nyingi huupita mkubwa baada ya miaka michache.

Chukueni mmoja katika fungu, mpasue kiriba (mfuko wa plastiki uliolelewa mche), mtazame. Mlipieni mwenye kitalu kama ni lazima, maana kipimo hiki kinastahili gharama hiyo. Mnachotafuta ni mizizi inayotoka kuelekea pande zote, myeupe au ya rangi nyepesi kwenye ncha. Mnachoogopa ni mizizi inayozunguka.

Nieleze kwa nini. Kuna mti wetu mmoja ulioangushwa na upepo wa kawaida katika mwaka wake wa sita. Majani yalikuwa mabichi, shina nene kama mkono wangu, hapakuwa na dalili yoyote. Ulilala tu, kama mlango uliotoka kwenye bawaba. Tulipouchimbua tulikuta chini yake umbo kamili la kiriba: mizizi minene kama vidole, imejiviringa duara juu ya duara, mingine imelikaba shina lenyewe hadi limebonyea. Hakuna mzizi hata mmoja mnene uliokuwa umetoka nje ya duara lile. Miaka sita mti ule ulikuwa umesimama ndani ya kiriba ambacho kilishatupwa. Kosa lilitendeka kitaluni kwa kuuchelewesha ndani ya kiriba, na sisi tukaliziba kwa udongo bila kutazama.

Wiki tatu au nne kabla ya kupanda, miche iwe inazoezwa jua na kupunguziwa maji kidogo kidogo. Siku ya kuisafirisha ifunikeni. Upepo wa gari lililo wazi huweza kukausha majani kwa safari moja.

Siku ya kupanda

Chagueni mwanzo wa mvua, mvua ikishalowesha udongo hadi kina cha mkono. Mahali penye majira ya baridi, pandeni wakati mti umelala, yaani umesitisha kukua, ardhi isiwe imeganda. Mashimo yachimbwe mapema na watu wachache wenye nguvu, yafunikwe au yazungushiwe kamba asije mtu akatumbukia usiku. Watu wakifika, kusanyeni wote mbele ya shimo moja, pandeni mti mmoja polepole huku kila mtu anaona. Dakika 15 za somo hilo huokoa miti mingi. Kisha wagawanyeni watatu watatu, kila kundi na mzoefu wa karibu.

Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya upana wa kiriba, na kina chake kisizidi kimo cha udongo wa kwenye kiriba. Wengi hufanya kinyume: shimo jembamba na refu. Mti ukiwekwa juu ya udongo uliolegezwa chini yake hutitia baadaye, shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi, ikazama. Kuta za shimo zikiwa laini kama chungu, zichokonoeni kwa uma au ncha ya jembe ili mizizi ipate pa kupenya.

Maji kwanza. Lowesha mche ukiwa bado ndani ya kiriba. Ulaze ubavu, pasua kiriba kuanzia juu hadi chini, kiondoe chote. Msiache kitako chake ati kitaoza, plastiki haiozi. Sasa tazama mizizi. Inayozunguka kwa nje inyooshe kwa vidole au ikate kwa kisu chenye makali, pande tatu nne kutoka juu hadi chini. Mti hautakasirika. Ukiiacha ndipo utakuja kulala kama ule wetu.

Halafu tafuta shingo: pale shina linapotanuka na kuanza kugawanyika kuwa mizizi. Mara nyingi imefukiwa kitaluni, kwa hiyo kwangua udongo wa juu ya kiriba kwa vidole hadi uione. Hiyo shingo lazima ibaki usawa wa ardhi au sentimita chache juu yake. Laza mpini wa jembe juu ya shimo, kutoka ukingo hadi ukingo, uone shingo inafika wapi. Kama imezama, toa mti, rudisha udongo, ushindilie chini, weka tena. Nikiambiwa nichague kosa moja tu la kulikomesha katika upandaji wa mijini, ni hili la kuzika shingo. Gome la shina halikuumbwa kukaa ndani ya unyevu. Huoza taratibu, na mti hufa miaka kadhaa baadaye bila mtu kukumbuka sababu.

Mtu wa pili asimame mbali kidogo atazame kama mti umesimama wima. Rudisheni udongo uleule uliotoka, mkitoa mawe makubwa na takataka. Msijaze shimo samadi. Samadi mbichi huunguza mizizi, na shimo lenye utajiri mwingi kuliko udongo wa jirani huifanya mizizi ibaki humo humo. Mboji iliyoiva itandazwe juu, eneo pana, mvua itaishusha. Kama kilichotoka shimoni ni kifusi kitupu, badilisheni udongo wa eneo zima pana, si wa shimo tu.

Bonyezeni kwa mikono, kwa hatua, na mwage maji shimo likiwa nusu ili mifuko ya hewa izibike. Msirukeruke kwa viatu. Mkimaliza, tengenezeni tuta dogo la duara kushika maji, lenye kimo cha kiganja, mwage lita 20 polepole hata kama mvua inanyesha.

Mwishowe matandazo: majani makavu, vipande vya mbao, nyasi kavu zisizo na mbegu. Unene wa sentimita 5 hadi 10, kwa duara la mita moja au zaidi, na kuzunguka shina pabaki wazi kama upana wa kiganja. Matandazo yaliyorundikwa kama kichuguu kwenye shina huozesha gome na huwapa panya maficho. Penye mchwa wengi tumieni mboji au kokoto, na mkague kila wiki.

Kigingi si lazima kwa kila mti. Mti unaoweza kusimama peke yake usifungwe, kwa sababu kuyumba na upepo ndiko kunakoimarisha shina na mizizi. Penye upepo mkali au watu wengi wekeni vigingi viwili nje ya mizizi, fungeni chini ya nusu ya kimo cha shina kwa mkanda mpana wa mpira au kitambaa, uwe na nafasi ya kuyumba. Waya, hata uliovikwa mpira, hukata gome shina linaponenepa. Andikeni tarehe ya kuondoa vigingi, isizidi mwaka mmoja. Nimeona miti iliyonyongwa na kamba ya watu walioipenda.

Maji, wiki baada ya wiki

Mwaka wa kwanza mara mbili kwa wiki wakati wa ukame, mwaka wa pili mara moja kwa wiki maji mengi zaidi, mwaka wa tatu kila wiki mbili au ukame ukizidi. Hayo ni makadirio. Mwamuzi ni kidole chako. Sukuma matandazo kando, ingiza kidole hadi kiungo cha pili, karibu na mahali ilipo mizizi. Udongo ukishikamana na kuacha ubaridi kwenye ngozi, rudi nyumbani. Ukiwa mkavu na unamwagika kama unga, mwagilia. Fahamu pia kwamba mti uliozidishiwa maji hunyauka kama uliokosa, majani yakiwa laini na ya njano, kwa hiyo usikimbilie ndoo kabla ya kidole.

Mwaga polepole. Ndoo nzima ikimwagwa kwa pigo moja hukimbilia barabarani. Dumu lenye tundu dogo chini, likiachwa kando ya mti, hutoa maji yake kwa saa moja au zaidi na yote huingia ardhini. Mwagilia asubuhi au jioni, na umwage kwenye ukingo wa duara pia, ili mizizi ifuate maji kuelekea nje. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yanafaa yakiwa hayana dawa ya kung'arishia wala chumvi nyingi.

Mashine ya nyasi, mbuzi na watu

Uzi wa mashine ya kukatia nyasi huua miti michanga kimyakimya. Ukigusa shina mara tatu nne kwenye usawa wa kifundo cha mguu, hukata gome kuzunguka pande zote, na chakula kinachotoka kwenye majani hakishuki tena kwenye mizizi. Duara pana la matandazo, lisilo na nyasi, humwondolea mkataji sababu ya kusogea. Zungumzeni naye pia, mfahamiane kwa jina.

Penye mifugo au watoto wanaocheza mpira, tumieni uzio wa vijiti au wavu wenye nafasi, usioegemea shina. Lakini uzio bora ni mtu anayeishi pale. Wiki mbili kabla ya kupanda, bisheni hodi kwenye kila mlango unaotazamana na mti. Waulizeni wanataka kivuli upande gani, wanaogopa nini. Mzee mmoja alitukatalia mti mbele ya nyumba yake, na tulipokaa kumsikiliza tukagundua hofu yake ni mizizi kupasua tangi la maji lililo chini ya uwanja wake. Alikuwa na haki. Tuliusogeza mita nane, na yeye ndiye aliyekuja kuumwagilia kuliko wote. Watoto wapeni kazi ya kweli, kama kupima kimo na kuandika. Mtoto aliyeandika kipimo cha mti hauvunji.

Kupogolea

Mwaka wa kwanza kateni matawi yaliyokufa na yaliyovunjika tu. Majani ndiyo jiko la mti, na mizizi mipya inajengwa kwa chakula chake. Kuanzia mwaka wa pili au wa tatu, kwa miti inayotakiwa kuwa mirefu, chagueni kichwa kimoja. Mashina mawili yanayoshindana kwa herufi ya V yatapasuka siku yatakapokuwa mazito, na sasa moja linaondolewa kwa mkasi badala ya msumeno. Msitoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka, na mti ubaki na matawi kwenye theluthi mbili za juu.

Kateni nje kidogo ya uvimbe ulio kwenye maungio ya tawi na shina. Msikate ndani ya uvimbe huo, wala msiache kisiki. Mtafiti wa Marekani Alex Shigo, aliyepasua miti mingi kwa msumeno ili aone ndani, alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi yetu inavyopona. Huzungushia ukuta sehemu iliyojeruhiwa na kuendelea kukua kwa nje. Uvimbe ule ni sehemu ya ulinzi huo. Kwa hiyo pia hakuna haja ya kupaka rangi au lami kwenye jeraha.

Tawi nene kuliko dole gumba likatwe kwa hatua tatu: msumeno kidogo kutoka chini, sentimita 20 au 30 mbali na shina, kisha kutoka juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke, mwisho kisiki kilichobaki. Bila hatua ya kwanza tawi huanguka na ngozi ya shina. Kinachofikiwa miguu ikiwa ardhini ni kazi ya kikundi. Kinachohitaji ngazi, msumeno wa mashine au kilicho karibu na nyaya ni kazi ya wataalamu, bila ubishi.

Daftari

Kila mti uwe na namba, aina, tarehe, kitalu ulikotoka, mahali, na jina la anayeumwagilia. Mkague baada ya miezi 3, 12, 24 na 36: uko hai, dhaifu au umekufa. Shina changa lipimwe unene sentimita 30 kutoka ardhini, mti mkubwa mita 1.3. Na mkiulizwa mafanikio yenu, jibuni kwa idadi ya iliyo hai. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, nchini Kenya mwaka 1977, akina mama walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliokuwa hai, si kwa kila mche uliotiwa shimoni. Uamuzi huo mdogo wa namna ya kuhesabu ulibeba kazi kubwa, na miaka mingi baadaye, mwaka 2004, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Ugaweni ulezi pia. Watu wawili kwa kila fungu la miti, ili mmoja akiumwa au akihama mwingine awepo. Mwenye kuchoka aruhusiwe kupumzika kwa heshima, atarudi. Kila msimu mfundishe mtu mpya hesabu ya maji na mahali pa funguo.

Mti ukifa, msiung'oe na kuutupa haraka. Uchimbueni taratibu, muoshe mizizi kwa maji, muuweke juu ya gunia, mkae kuutazama pamoja. Mizizi iliyojiviringa ni kosa la kiriba. Gome jeusi na laini chini ya ardhi ni shingo iliyozikwa. Mizizi yenye harufu ya uvundo ni maji yaliyosimama. Mikavu na myepesi ni kiu. Mikato ya mviringo juu kidogo ya ardhi ni mashine ya nyasi. Andikeni mlichokiona mbele ya namba yake, rekebisheni hilo kwanza, kisha mvua zijazo pandeni mwingine pembeni kidogo ya pale, wa aina nyingine kama udongo ndio uliokataa.